Mwalimu Moja ya Tano

Wanafunzi wapya walilijua jina lake kabla ya kuijua ratiba ya vipindi. Walirithishwa na kaka na dada zao, wengine na wazazi wao, maana alikuwa amefundisha sayansi katika shule ileile kwa miaka ishirini na sita. Moja ya Tano. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha iliyobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na si wengi waliowahi kujisumbua kulisoma.

Jina hilo alilipata kwa jaribio moja. Kila mwaka, muhula wa pili, aliwakusanya kidato cha pili kuzunguka meza ya mbele ya maabara. Alikuwa mwembamba, mwenye koti jeupe ambalo mifuko yake ilikwisha kugeuka rangi ya chai. Mezani aliweka beseni la plastiki lenye maji aliyoyatia matone ya wino mwekundu ili yaonekane hadi nyuma. Katikati alisimamisha mshumaa kwa tone la nta yake. Pembeni kulikuwa na chupa ya mdomo mpana, imegawanywa kwa vipande vya utepe wa gundi katika sehemu tano sawasawa. Aliwasha mshumaa, akaufunika kwa chupa. Mwali ukasinyaa, ukazimika. Maji mekundu yakapanda ndani ya chupa hadi kwenye utepe wa kwanza, yakatulia hapo kama yaliyoamriwa.

"Oksijeni imekwisha, maji yameshika nafasi yake," alisema. "Yamepanda kiasi gani?"

Na darasa zima, hata wale waliokuwa wakisinzia, lilijibu kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Moja ya tano!"

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu, wala hakulificha, kwa kuwa hakuliona kama ni jambo. Chupa ile haikuwa chupa yoyote tu. Mwaka wake wa kwanza kazini alijaribu chupa sita na mishumaa ya unene mbalimbali. Kwenye baadhi maji yaliuvuka utepe wa kwanza, kwenye nyingine hayakuufikia. Mwalimu mwenzake, mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu, alimwambia, "Wewe tafuta inayokubali." Akatafuta, akaipata, akaifungia kabatini. Mishumaa akawa ananunua ya aina moja kwenye duka moja. Tangu hapo maji yalikubali kila mwaka.

Mwaka wake wa ishirini na sita, katika kidato cha pili kulikuwa na msichana waliyemwita Miwani, kwa sababu alihitaji miwani na hakuwa nayo. Ubao hakuuona vizuri, kwa hiyo siku ya jaribio alijipenyeza mbele kabisa, akakaa kidevu chake kikiwa karibu kugusa meza, macho yake shibiri moja kutoka kwenye chupa.

Darasa lilipokwisha kupiga kelele yake ya moja ya tano, yeye aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Maji hayakupanda mshumaa ulipokuwa unawaka. Yamepanda ulipozimika."

"Hewa huchukua muda," alijibu mwalimu.

"Na yale mapovu?"

"Mapovu gani?"

"Ulipokuwa unaishusha chupa. Yametoka chini, pembeni hapa. Kama manne au matano."

Sauti ikatoka nyuma: "Mtu haoni ubao, anaona mapovu!" Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akatabasamu kidogo.

"Andikeni," alisema. Wakaandika. Miwani naye akaandika kama wenzake kwamba maji yalishika nafasi ya oksijeni iliyotumika, akapiga mstari chini yake kwa rula, akafunga daftari.

Hilo lingeweza kuishia hapo. Maswali ya wanafunzi mwalimu alikwisha kuyasikia kwa maelfu, mengi yakiwa ya kupoteza muda hadi kengele ilie. Lakini alipokuwa akifuta ubao aligundua kwamba swali hili halikuwa geni kwake. Mapovu yale alikuwa akiyaona. Aliyaona kila mwaka, na kila mwaka aliyaacha yapite, macho yake yakiwa kwenye mwali, kwa kuwa kitabu kilisema habari iko kwenye mwali.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa chumba cha mbele, na nyumba nzima ilikuwa na vipande vya uzi, hata kwenye koti la maabara. Jumamosi ile mchana alikuwa amesuuza chupa ya plastiki kwa maji ya moto apate kutilia mafuta. Alimwaga maji, akafunga kizibo, akaiweka dirishani, wakaketi kula. Katikati ya chakula chupa ikalia pwa! Ubavu wake mmoja ukaingia ndani.

Mwalimu akainuka, akaenda kuitazama.

"Imefanya nini?"

"Imepoa, imejikunja," alisema mkewe. "Ndiyo kwanza unaona leo?"

"Hapana."

"Basi kaa ule."

Akarudi, akaketi. Alitafuna kwa muda, kisha akasema, "Hakuna kilichoungua ndani yake."

"Sasa kwenye chupa ya mafuta kiungue nini, Baba watoto?" Mkewe alimtazama usoni. "Na wewe unakula au unahesabu punje?"

Jumatatu, wanafunzi walipokwisha kutoka, alibaki maabara peke yake na akafanya kitu ambacho hakukifanya tangu mwaka ule wa kwanza. Alijaribu bila kujua kitakachotokea. Mshumaa mmoja: maji yalifika kwenye utepe wa kwanza, kama ada. Mishumaa miwili: yaliupita, yakasimama katikati ya wa kwanza na wa pili. Mishumaa mitatu: yaliuvuka utepe wa pili. Akarudia mara tatu na kuandika kila kitu kwenye daftari. Kama maji hushika nafasi ya oksijeni tu, basi kwa mishumaa mitatu chupa ileile ilikuwa na oksijeni zaidi ya sehemu mbili kwa tano. Hewa ilikuwa ileile ya chumba kimoja, siku moja. Haiwezekani.

Kisha akachukua chupa tupu, akaipasha moto juu ya taa ya spiriti pasipo mshumaa wowote, akaipindua haraka ndani ya maji. Ikapasuka vipande viwili. Ilikuwa ile ya miaka ishirini na sita. Akaokota vioo, akavifunga kwenye gazeti, akaleta chupa nyingine na kuipasha taratibu zaidi. Safari hii maji yalipanda. Hakuna kilichowaka ndani, hakuna oksijeni iliyotumika, na maji yalipanda vizuri tu, kwa sababu hewa ya moto ilikuwa imetanuka, nyingine ikatoka, na iliyobaki ikapoa na kujikusanya.

Aliketi kwenye stuli ya mwanafunzi, ambayo ilikuwa fupi mno kwake, magoti yakamfika kifuani. Akapiga hesabu. Mikondo mitatu, wanafunzi arobaini kila mkondo, miaka ishirini na sita. Zaidi ya elfu tatu. Hakulia wala hakujilaumu kwa maneno makubwa. Alijisikia kama mtu aliyetembea mtaani siku nzima akisalimiana na watu, kisha anafika nyumbani na kukuta shati lake limevaliwa ndani nje.

Mkuu wa idara ya sayansi alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, tena aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alimsikiliza hadi mwisho, kalamu nyekundu mkononi, rundo la madaftari mbele yake.

"Mwalimu, nikuulize," alisema. "Oksijeni ni moja ya tano ya hewa au si moja ya tano?"

"Ni moja ya tano, karibu."

"Basi kosa liko wapi? Namba si ni ya kweli?"

"Namba ni ya kweli. Ila hatukuipata kwenye ile chupa. Mimi nilitafuta chupa inayotoa namba, nikawaambia watoto kwamba namba imetoka kwenye chupa."

Mkuu wa idara akaweka kalamu chini. "Lile swali hutoka kwenye mtihani wa taifa. Lilitoka miaka mitatu iliyopita, na jibu lililotakiwa unalijua. Sasa utawaambia nini?"

"Sijui bado."

"Nakuomba ujue kabla ya kuingia darasani," alisema, bila ukali.

Aliingia darasani akijua nusu tu. Aliwaambia kidato cha pili kwamba wiki iliyopita aliwapa maelezo ambayo sasa haamini kuwa ni sahihi, na kwamba mwenzao aliona kitu ambacho yeye alikidharau. Walikwisha kuona walimu wakikosea tahajia na wakikosea hesabu ubaoni, lakini hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema amekosea pasipo kushikwa. Miwani alitazama meza kana kwamba ni yeye aliyeshtakiwa.

"Kwa hiyo kitabu kinasema uongo?" mmoja akauliza.

"Kitabu kimeandikwa na mtu," alisema mwalimu. "Mtu huyo alikuwa na sababu nzuri. Leo tutaona kama sababu inatosha."

Akawagawa makundi manane, kila kundi na chupa yake ya kuokoteza, mishumaa, na beseni au sufuria. Kilichofuata hakikuwa cha kupigia picha. Kundi moja lilimwaga maji yote sakafuni. Jingine liligombana juu ya nani ashike kiberiti mpaka kiberiti kikalowa. Mwishoni matokeo yalipoandikwa ubaoni, makundi sita yaliona maji yakipanda zaidi kwa mishumaa mingi, moja halikuwa na matokeo, na moja lilisema kwa mishumaa mitatu maji yalipanda kidogo kuliko kwa mmoja.

"Hao wamekosea, wafute," wakapendekeza wengine.

"Hatujakosea! Tulipima kwa rula!" kiongozi wa kundi, msichana mwenye sauti ya tarumbeta, alisimama.

Hapo ndipo mwalimu alipopata alichokuwa akikitafuta bila kujua. Hakufuta. Aliwaambia kundi hilo wafanye tena mbele ya wote, na wote watazame mikono badala ya maji. Ikaonekana kwamba msichana yule, kwa kuogopa kuungua, aliibwaga chupa juu ya mishumaa kwa kasi, hewa isipate muda wa kupata joto kabla mdomo haujazama. Wengine waliishusha polepole. Akarudia polepole, na maji yakapanda zaidi ya yalivyopanda kwa mshumaa mmoja.

"Kumbe hatukukosea," alisema kwa ushindi. "Tulifanya kingine."

Kengele ikalia. Mvulana mmoja, daftari wazi, kalamu tayari, akauliza swali ambalo nusu ya darasa lilikuwa nalo moyoni: "Mwalimu, kwa hiyo tuandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Halafu jibu?"

"Halafu sababu yako, na kwa nini unaidhani ni hiyo."

Mvulana alifunga daftari kwa uso wa mtu aliyetumwa dukani akaambiwa bidhaa hiyo aitengeneze mwenyewe.

Habari ilifika majumbani siku hiyohiyo, ikiwa imenenepa njiani: Moja ya Tano amekana moja ya tano. Alhamisi mzazi mmoja akaja shuleni, fundi wa kuchomea vyuma, mikono yake ina makovu madogo ya cheche hadi kwenye viwiko. Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyependa amani kuliko ukweli na aliyelikiri hilo mwenyewe, aliwaketisha wote wawili ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu," alianza fundi, maana naye alikuwa amepita mikononi mwake.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, lakini nimeudhika. Mimi ulinifundisha moja ya tano, nikaandika moja ya tano, nikafaulu. Leo binti yangu ananiambia ni uongo. Nani ananirudishia heshima yangu nyumbani?"

Mwalimu alimweleza, kwa dakika kumi hivi. Alimweleza mapovu na mishumaa mitatu na chupa iliyopasuka. Fundi alisikiliza huku akivisugua vidole vyake.

"Kitu cha moto kikipoa kinajivuta," alisema hatimaye. "Hilo mimi nalijua kuliko wewe, usiniudhi. Geti nisipolibana vizuri, likipoa linapinda."

"Basi umenielewa."

"Nimekuelewa tangu zamani. Lakini anayesahihisha mtihani si mimi wala si geti. Akikataa, binti yangu anafeli na wewe umebaki na ukweli wako. Ukweli haumpeleki mtoto kidato cha tatu."

Mwalimu mkuu aliposema kwamba asingependa shule ichokoze nyuki, walikubaliana hivi: wanafunzi watafundishwa kile mtihani unachotaka, na wataambiwa wazi kwamba hicho ndicho mtihani unachotaka, kisha watafundishwa walichokiona. Fundi aliondoka hajaridhika. Mlangoni aligeuka akauliza kwa sauti ya chini maji katika ile chupa ya mishumaa mitatu yalipanda mpaka wapi hasa. Mwalimu akamwonyesha kwa vidole. Fundi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mwalimu aliandika barua kwa baraza la mitihani, kurasa nne, pamoja na jedwali la matokeo ya makundi saba na maelezo ya kundi la nane. Mkewe aliisoma kwanza, akasema jedwali limenyooka lakini salamu za mwanzo ni ndefu mno. Baada ya miezi saba jibu lilikuja: barua yake imepokelewa na itafikishwa kwa wahusika. Kama kuna mhusika aliyeisoma, hakujulikana.

Kabla jibu hilo halijafika, mwaka uleule wa jaribio, swali likatoka kwenye mtihani wa taifa. Mchoro ulikuwa uleule wa siku zote, beseni, mshumaa na chupa, na chini yake: Eleza kwa nini maji yalipanda. Mwalimu alikuwa msimamizi kwenye chumba kingine, hakuliona mpaka karatasi zilipokwisha kufungwa kwenye bahasha. Alipotoka nje aliwakuta kidato cha pili wamesimama vikundi vikundi uani, wakibishana. Msichana mwenye sauti ya tarumbeta alikuwa ameandika jibu la kitabu na alilisema bila haya. "Nilitaka alama, Mwalimu. Lakini nilijua ninachofanya." Mvulana wa "tuandike nini" alikuwa ameandika habari ya hewa kupoa, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake.

"Na wewe?" mwalimu alimuuliza Miwani.

"Niliandika yote mawili. Nikaandika na la mishumaa mitatu, na mchoro." Alikunja uso. "Nikakosa muda wa swali la mwisho. Lilikuwa jepesi tu, la sehemu za ua."

Matokeo yalipotoka, alama za sayansi za shule hazikupanda wala kushuka kiasi cha mtu kusema kitu. Aliyeandika jibu jipya kama alipata au alikosa, hapana aliyejua, kwa kuwa karatasi hazirudi. Miwani alipata daraja la pili, akaingia kidato cha tatu, na mwaka huo akapata miwani. Alisema kilichomshangaza zaidi ni kwamba majani ya miti yana kingo.

Mwalimu aliendelea kufundisha. Jaribio lililokuwa likichukua kipindi kimoja sasa lilichukua vinne, akawa nyuma ya ratiba, na mkuu wa idara alimkumbusha hilo kila Ijumaa kwa adabu. Chupa alizitoa kabatini zote na kuziweka kwenye rafu wazi. Jina halikumtoka. Ila alianza kulisikia likitumiwa vingine: mwanafunzi akidai jambo kwa uhakika mwingi uwanjani, wenzake walimwambia, "Hiyo si moja ya tano hiyo?" wakimaanisha, umeiona au umeambiwa.

Kidato cha pili cha mwaka uliofuata walikuja na lao. Walikubali upesi mno kwamba maji hupanda kwa sababu ya hewa kupoa, kisha mmoja wao, mtoto wa kinyozi, akasema: kama ni hivyo, labda mshumaa unapozimika bado kuna oksijeni ndani. Mwalimu akasema labda. Utajuaje? Siku ya pili mtoto wa kinyozi akaja na kiberiti kisicho na njiti, na ndani yake kulikuwa na mende.

Walimweka kwenye kisiwa cha kizibo kilichoelea kando ya mshumaa, wakafunika. Mshumaa ulizimika, maji yakapanda, na mende akaendelea kutembea juu ya kizibo chake, vipapasio vikicheza. Dakika tano. Dakika kumi. Darasa likashangilia: oksijeni ipo!

"Hapana," alisema msichana aliyekaa dirishani, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa hajasema neno. "Mende si shahidi. Nyumbani tumewahi kumfungia kwenye kopo wiki nzima, tukalifungua, akatoka kama aliyekuwa safarini. Yeye huenda hahitaji hewa nyingi. Hajathibitisha kitu."

Mtoto wa kinyozi aliudhika. "Basi tuweke nini? Paka?"

"Paka haenei," mwingine akasema.

Wote wakamgeukia mwalimu. Alikuwa ameinama, viwiko mezani, akimtazama mende kupitia kioo.

"Sijui," alisema. "Amesema kweli, mende peke yake hatoshi. Fikirini kitu ambacho kisingeweza kuwaka au kuishi bila oksijeni hata kidogo, na kinachoingia humu. Mkipata kabla ya kesho, mniambie. Na mimi nitafikiri."

Mtu mmoja akainua chupa kutaka kutazama vizuri. Mende akaruka kutoka kwenye kizibo, akapita juu ya daftari la mahudhurio, na watu ishirini wakapanda juu ya stuli kwa pamoja.